Texas, acheni kusahihisha insha za kampuni za bima

Juzi mama mmoja wa Bukavu, ninayesali naye hapa Fort Worth, alinisubiri nje ya kanisa na bahasha mkononi. "Dada, banasemaje humu?" Barua ya kurasa kadhaa, Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakuna. Kampuni ya bima inayoshika Medicaid ya mwanawe, yaani bima ya serikali kwa wasio na uwezo, imegoma kuendelea kulipia mazoezi ya viungo. Eti si lazima kitabibu. Mtoto mwenyewe miguu ndiyo kwanza imeanza kukubali kusimama! Na daktari aliyetia sahihi hajawahi kumtia machoni.

Tulijaza fomu ya rufaa papo hapo, juu ya boneti ya gari. Hasira ilinipanda baadaye, nikiwa jikoni, nikajikuta nauliza sufuria: hivi hawa watu kazi hii waliipataje?

Waliipata kwa tenda. Najua mkisikia neno tenda mnataka kufunga ukurasa. Vumilieni. Tenda ya STAR na CHIP, mipango ya bima ya umma hapa Texas, ile ambayo jimbo lilitangaza washindi wake watarajiwa Machi 2024, ilikadiriwa kufika dola bilioni 116 kwa miaka 12. Hizo ni pesa za kutibu watoto na wajawazito wa familia zisizo na uwezo, wakiwemo wengi wetu tuliofika hapa na mabegi mawili. Jimbo huilipa kampuni kiasi maalumu kwa kila kichwa kila mwezi, mtoto augue asiugue. Kampuni ikibana matumizi, sehemu nzuri ya kilichobanwa inabaki kwake. Kwa hiyo yule anayeamua kama mtoto atapata mazoezi ya viungo ndiye anayefaidika akiyakosa. Mpango huo wamekubaliana watu wazima wenye shahada.

Sasa, washindi wanapatikanaje? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Jimbo linatoa maswali: eleza jinsi utakavyohakikisha watoto wanapata madaktari, eleza jinsi utakavyoshughulikia malalamiko. Kampuni zinajibu kwa marundo ya kurasa, maafisa wanakaa wanatoa alama, alama zinajumlishwa. Mtihani wa insha, basi. Na kampuni kubwa zina wataalamu ambao kazi yao mwaka mzima ni kuandika insha hizo. Nani atakosa alama kwa swali la "utafanyaje"? Wote watafanya vizuri! Hakuna aliyewahi kuandika kwenye zabuni kwamba atawachosha wazazi kwa barua mpaka wakate tamaa.

Ukitaka kujua waliyokwisha kufanya, yapo, na si siri. Mwaka 2018 gazeti la Dallas Morning News lilieleza habari za mtoto mchanga aliyekuwa akipumua kwa mrija kooni. Madaktari walitaka awe na muuguzi saa 24, maana alikuwa akiuchomoa mrija. Superior, kampuni ya bima inayoshika Medicaid hapa Texas na iliyo chini ya kampuni kubwa ya Centene, ikakataa. Siku moja akauchomoa, na msaada ulipofika ubongo ulikuwa umeshaharibika. Mwaka 2022 Centene hiyohiyo ilikubali kuilipa Texas dola milioni 165.6 kumaliza madai yanayohusu malipo ya dawa za Medicaid. Ohio walikuwa wameshalipwa milioni 88.3 mwaka mmoja kabla. Kampuni haikukiri kosa, na sheria inaruhusu hivyo. Lakini niambieni: fundi akikurudishia hela kwa sababu ya mzozo wa bili, halafu akaja kuomba kazi ya kukujengea nyumba nzima, utamwuliza habari za bili ile au utampa karatasi aandike maono yake?

Mimi ningeanza na rekodi. Nusu ya alama, kwa uchache, zitoke kwenye mambo yaliyokwisha kutendeka: maombi mangapi ya matibabu yalikataliwa, mangapi kati ya hayo yaligeuzwa kwenye rufaa, mtoto alisubiri muda gani kumwona daktari bingwa, saa za uuguzi zilizoidhinishwa zilitolewa au zilibaki kwenye karatasi. Hili la rufaa lipewe uzito wa pekee. Kampuni ambayo uamuzi wake hugeuzwa kila mzazi anapothubutu kulalamika inajua vizuri kwamba wengi hawatathubutu. Mama yule asingekata rufaa. Alidhani barua ikishatoka serikalini imetoka, na kwake kila bahasha yenye nembo ni serikali. Wanafunzi wa mahesabu ya bima wanajua hilo kuliko mimi.

Anayeingia Texas mara ya kwanza? Alete rekodi ya majimbo mengine. Hana? Aanze na wilaya moja, tumwone.

Tena hata huo usahihishaji wenyewe unawashinda. Mwaka 2018 iligundulika kwamba hesabu za alama za tenda ya CHIP zilikosewa. Mikataba ikafutwa, na kamishna wa afya, Charles Smith, akaachia ngazi. Mwaka 2020 tenda nyingine zikafutwa na kuanza upya. Ile ya 2024 ikawaacha nje Cook Children's ya hapa Fort Worth, Texas Children's ya Houston na Driscoll ya Corpus Christi, mipango ya bima iliyo chini ya hospitali za watoto, yenye zaidi ya miaka 20 kazini. Watu kama milioni 1.8 wangelazimika kubadilishiwa kampuni. Oktoba mwaka huo jaji wa Kaunti ya Travis, Laurie Eads, akaisimamisha. Huko Austin, makao makuu ya jimbo, ni kama hawajawahi kusikia kwamba alama zinaweza kuchapishwa hadharani kabla ya mshindi kutangazwa, kila mtu akazikagua.

Haya, na hili nalisema kwa shingo upande: hizo za hospitali nazo si malaika. Zilikwenda mahakamani kwa sababu zilikosa, zingeshinda zisingeona ubaya wowote kwenye mtihani. Na ni kweli pia kwamba tukimpa kila aliyeshindwa nafasi ya kushtaki, tutazeeka na mikataba ya zamani.

Wakenya wenzangu mlioanza kutabasamu, tulieni. Mashine za MES, ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, zilikodishwa kutoka Nairobi mwaka 2015, magavana wakakatwa pesa kila mwaka, na kuna hospitali zilizopokea mashine bila kuwa na umeme wala mtu wa kuziwasha. Tofauti ni lafudhi.

Maafisa wanaotoka kwenye tume ya afya leo na kesho wanaonekana kwenye kampuni walizokuwa wakizisimamia: wakae miaka mitatu bila kuajiriwa huko, hakuna mjadala.

Kisha kuna Connecticut. Mwaka 2012 waliziondoa kampuni hizi kwenye Medicaid yao. Jimbo likaanza kuwalipa madaktari na hospitali lenyewe, na kumwajiri msimamizi wa makaratasi asiyefaidika mtoto akinyimwa huduma. Mbingu haikuanguka. Nikiitaja Connecticut mbele ya Watexas naambiwa lile ni jimbo dogo, la watu wenye pesa, na hapa serikali haipendwi. Sawa, nimekubali, tubaki na kampuni zetu. Basi wabunge wakikutana Austin Januari 2027 wapitishe sheria ya mstari mmoja: takwimu za maombi yaliyokataliwa na rufaa zilizoshinda, kampuni kwa kampuni, ziwe ukurasa wa kwanza wa kila zabuni, kabla ya insha.