Jezi za Memorial na deni la Old Trafford

Ukitaka kujua Manchester United imefanya nini kwenye usajili tangu kocha wake Sir Alex Ferguson astaafu mwaka 2013, nenda Soko la Memorial hapa Moshi siku wanayofungua mabelo ya jezi. Yote yamelala pale juu ya turubai. Namba saba peke yake inatosha: Di María, Depay, Sánchez, Cavani, Ronaldo wa awamu ya pili, Mount. Muuzaji ninayemnunulia mara kwa mara hutenga mafungu mawili, ya wachezaji waliopo na ya walioondoka. Fungu la walioondoka ndilo kubwa, na bei yake iko chini. Zikidoda sana anaweka karatasi mgongoni, anapitisha pasi ya moto, kisha anabandua herufi moja moja kwa ukucha. Jina linatoka ila kivuli chake kinabaki. Majuzi nilishika jezi moja nikaigeuzia juani, nikasoma SANCHO kama vile haijawahi kuguswa.

Sancho alinunuliwa mwaka 2021 kwa pauni milioni 73.

Naanza na jezi kwa sababu ubishi wa vijiweni kuhusu timu hii kila mara unaishia kwa kocha. Nani aje, nani aondoke. Mimi nadhani tunabishana juu ya mtu asiye sahihi, na hata viongozi wa klabu wanapojitetea wanajibu swali lisilo sahihi. Ila hasira yenyewe naielewa, ninayo.

Usiku wa tarehe 21 Mei 2025 nilikuwa kwenye kibanda umiza kule Pasua, kiingilio shilingi elfu moja, watu tumebanana kwenye mabenchi hadi mlangoni. Fainali ya Europa League, Bilbao, dhidi ya Tottenham. Msimu mzima ulikuwa umeshaharibika. United ilimaliza Ligi Kuu ya Uingereza nafasi ya 15, pointi 42, michezo 18 imepoteza, msimu mbaya kuliko wowote tangu ule wa 1973/74 iliposhuka daraja. Tottenham wenyewe walikuwa wa 17. Fainali ile ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kwenda Ulaya. Brennan Johnson wa Tottenham akafunga kabla ya mapumziko kwa mpira ambao hata kuuona ulivyoingia ilikuwa shida. Kipindi cha pili Højlund wa United akapiga kichwa, goli likiwa wazi. Mzee anayekaa benchi la mbele, ambaye wote tunamwita Meku, alisimama mikono juu, na nyuma yake kibanda kizima. Van de Ven, beki wa Tottenham, akauruka ule mpira akautoa mstarini. Meku alibaki amesimama na mikono juu muda mrefu, mpaka kijana mmoja akamshika bega, "Mzee wangu, kaa, bado kuna dakika." Alikaa. Goli halikupatikana.

Kuna wanaotuuliza, na hasa rafiki zetu wa Simba na Yanga, kwamba inatuhusu nini. Timu iko Manchester, mmiliki hakujui, tiketi hujawahi kukata. Moshi tulikuwa na Polisi Tanzania kwenye Ligi Kuu yetu mpaka iliposhuka mwaka 2023, mbona hatukulia hivi? Kwa Polisi wana haki ya kutusema. Lakini kwamba hatuchangii chochote Manchester, hapo hapana. Kwa mkataba wa 2022 hadi 2025, haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Uingereza nje ya nchi hiyo ziliuzwa kwa fedha nyingi kuliko za ndani, kwa mara ya kwanza. Mwenye kibanda pale Pasua analipia king'amuzi kila mwezi, na king'amuzi hicho anakilipia kwa zile elfu moja zetu. Meku ni sehemu ya mapato ya klabu ile, hata kama jina lake halimo kwenye kitabu chochote cha Old Trafford, uwanja wa United.

Basi tuchukue lalamiko linalouma kuliko yote, la kuuza watoto wa nyumbani.

Agosti 2024 Scott McTominay, aliyelelewa na klabu tangu akiwa mtoto mdogo, aliuzwa Napoli kwa takriban pauni milioni 25. Msimu wake wa kwanza Italia alifunga mabao 12 ya ligi, Napoli ikachukua ubingwa, yeye akatajwa mchezaji bora wa Serie A. Mwaka mmoja kabla yake Elanga alikuwa ameuzwa Nottingham Forest kwa takriban milioni 15, na mwaka 2025 Newcastle wakamnunua kwa zaidi ya milioni 50. Garnacho akaenda Chelsea kwa milioni 40. Rashford akaazimwa Aston Villa, kisha Barcelona. Shabiki akiyaweka haya kando ya Antony, ambaye alinunuliwa kutoka Ajax kwa zaidi ya milioni 80 na akaishia kwenda Betis kwa kama robo ya fedha hiyo, anaona viongozi wasiojua thamani ya kitu. Ni vigumu kumlaumu.

Lakini mahesabu yana upande wake, na hapa vijiweni huwa hayaelezwi. Kanuni za fedha za Ligi Kuu ya Uingereza wakati ule hazikuruhusu klabu kupata hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, ukiacha matumizi fulani yasiyohesabiwa. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 80 kwa mkataba wa miaka mitano anaandikwa vitabuni kama gharama ya milioni 16 kila mwaka. Ukimuuza mapema kwa bei ya chini, salio lote linakuwa hasara ya siku hiyo. Mchezaji uliyemlea mwenyewe hana gharama hiyo. Ni sawa na ng'ombe. Uliyemnunua mnadani kwa milioni mbili ukamuuza kwa milioni moja na laki mbili, umekula hasara ya laki nane. Ndama aliyezaliwa kwenye kihamba chako ukamuuza kwa laki nane, mahesabu ya ligi yanaziandika zote kuwa faida, majani uliyomkatia kwa miaka mitatu hayaulizwi. Klabu iliyobanwa, ikitaka kupumua haraka, inauza ndama. McTominay alikuwa ndama.

Na ilikuwa imebanwa kweli. Familia ya Glazer ya Marekani ilipoinunua klabu mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na mkopo huo ukatupwa mgongoni mwa klabu yenyewe. Februari 2024 bilionea Mwingereza Sir Jim Ratcliffe akanunua asilimia 27.7 na kukabidhiwa shughuli za mpira. Mwaka wa fedha wa 2023/24 ulifungwa kwa hasara ya pauni milioni 113.2. Machi 2025 Ratcliffe alisema hadharani kwamba bila kubana matumizi klabu ingeishiwa fedha kufikia Krismasi, na akawataja Antony, Casemiro, Onana, Højlund na Sancho kama wachezaji ambao bado walikuwa wanalipiwa, wote walisajiliwa kabla hajafika.

Hoja hiyo ina uzito kuliko tunavyotaka kukubali. Usajili mwingi wa aina ile tuliushangilia sisi. Ronaldo aliporudi mwaka 2021 Moshi nzima ilipiga honi, na Casemiro alipotoka Real Madrid mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30, nilimwambia kila mtu kwamba sasa kiungo tumepata. Hakuna kijiwe kilichouliza mkataba ni wa miaka mingapi. Shabiki anayedai jina kubwa kila Agosti ana mchango wake kwenye lile fungu la jezi za bei ya chini.

Ninapoachana na viongozi ni kwenye mambo waliyoyafanya wenyewe, ambayo hawawezi kuwasukumia waliowatangulia.

Julai 2024, baada ya kocha Ten Hag kuchukua Kombe la FA kwa kuifunga Manchester City 2-1, walimwongezea mkataba. Oktoba 28 wakamfukuza. Katikati ya hapo walimpa dirisha zima la kusajili kwa matakwa yake. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri kwa miezi mingi atoke Newcastle, alianza kazi Julai na kuondoka Desemba mwaka huo huo. Kumwondoa Ten Hag, wasaidizi wake na Ashworth kuligharimu pauni milioni 14.5, na kumtoa kocha mpya Ruben Amorim Sporting Lisbon kukagharimu fedha nyingine. Msimu huo huo klabu ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, ikatangaza kupunguza wengine hadi 200, ikafuta chakula cha mchana cha bure, na tiketi zilizobaki za mechi za msimu huo zikawekwa pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee. Uongozi unaweza kusema kila senti ina maana. Ninakubali. Ila mpishi na mfanya usafi hawakumwongezea Ten Hag mkataba.

Hata hilo, pamoja na uchungu wake, silioni kuwa kiini. Kiini ni hiki: kikosi cha United hakina mwenyewe. Kila kocha anakuja na mfumo wake, ananunuliwa wachezaji wa mfumo huo, anafukuzwa, wachezaji wanabaki. Mourinho aliacha wake, Solskjær wake, Ten Hag wake. Amorim alifika Novemba 2024 na mfumo wa mabeki watatu nyuma, akakuta kikosi kilichokusanywa kwa ajili ya mabeki wanne. Hakubadili mfumo. Mashabiki wengi walimtukana kwa ukaidi huo, na kuna michezo niliyojiunga nao, hasa Agosti 2025 walipotolewa Kombe la Carabao na Grimsby wa daraja la nne kwa penalti 12-11. Lakini mtu anayemwajiri fundi wa mabeki watatu anajua anachokinunua. Mfumo ule haukuwa siri, ndio uliompa ubingwa Ureno. Kama viongozi waliuamini, ilibidi waubebe mpaka mwisho na wasajili kwa ajili yake kila eneo, badala ya kumaliza dirisha la 2025 wakiwa na Cunha, Mbeumo na Šeško mbele, kiungo kikiwa kile kile kilichochoka. Kama hawakuuamini, hawakupaswa kumwajiri.

Viongozi wana jibu la maana hapa. Timu iliyomaliza ya 15 ilikuwa na mabao 44 tu, kwa hiyo walianza na ugonjwa ulioonekana. Fedha hazikutosha kutibu viwili kwa pamoja. Na kocha asiyepata matokeo, hata ukimpenda, wachezaji wanaacha kumsikiliza. Anayedhani unaweza kumvumilia kila mtu kama Ferguson alivyovumiliwa miaka yake ya mwanzo, kabla ya kombe la kwanza mwaka 1990, hakumbuki kwamba wakati ule fedha za televisheni za leo hazikuwepo na kukosa Ulaya hakukuwa na gharama hii. Nalikubali jibu hilo kwa sehemu moja, kwamba kumfukuza Amorim baadaye si lazima liwe kosa. Kosa nililoliona ni kwamba hakuna aliyekaa juu ya makocha wote hao akiwa na picha moja ya timu, ili kocha akiondoka picha ibaki. Ashworth ndiye aliyeletwa kuwa mtu huyo. Alikaa miezi mitano.

Liverpool walipoondokewa na kocha wao Klopp mwaka 2024, Arne Slot alichukua kikosi kile kile, msimu ule wakamwongezea Chiesa tu, na akachukua ubingwa. Sipendi kuwataja Liverpool kwa wema, na waliokaa nami kibandani wanajua, lakini kocha mpya alikuta nyumba yenye vyumba vinavyoeleweka.

Mwanzoni mwa Januari 2026 habari zilipofika kwamba Amorim naye ameondolewa, miezi kumi na minne baada ya kuja, nilipita Pasua jioni. Hapakuwa na mechi. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha nje ya kibanda, nusu wakishangilia, nusu wakitaja majina ya kocha ajaye. Meku alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kimya, hana habari na majina hayo. Aliposikia nasalimia alinivuta mkono nikachuchumaa karibu yake, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa analiuliza pale. Huyu Dorgu, beki wa kushoto wa kupanda na kushuka, waliyemtoa Lecce Februari 2025 kwa pauni milioni 25 kwa ajili ya mabeki watatu, "sasa wakirudi kwenye wanne, atacheza wapi?"