Mashine ya kona yetu imeng'olewa

Jana nimetoka kazini saa sita usiku, baridi ya Japani imeingia mpaka kwenye mifupa, nafika konani nakuta alama ya kutu tu sakafuni. Mashine ya vinywaji haipo. Ile ile iliyokuwa ikitoa kahawa ya moto kwenye kopo, kibandiko chekundu, na pembeni yake chai baridi ya kibandiko cha buluu.

Nimekasirika kweli. Kabla kodi ya mauzo haijaanza mwaka 1989, kopo la soda lilikuwa yeni 100. Kodi ikaanza na asilimia 3, leo kwa vinywaji kama hivi ni 8. Juu yake kuna sukari, kopo lenyewe, umeme, na mshahara wa dereva anayezunguka kujaza mashine, ambaye siku hizi ni shida kumpata. Sasa chupa ya nusu lita inakaribia yeni 200, wakati supamaketi chupa hiyo hiyo unaipata chini ya 100! Nani atanunua? Wateja wakipungua bei inapanda tena, ikipanda wanazidi kukimbia, mwisho mashine inabebwa.

Halafu sarafu mpya ya yeni 500 ya mwaka 2021, na noti mpya za 2024. Mashine nyingi za zamani zinazitema tu.

Supamaketi ya kwetu inafungwa saa tatu. Sisi wa zamu ya usiku, mlinzi wa jengo, dereva wa teksi, tunywe nini?