Bibi Harusi Mwenye Ndevu za Kijani

Rafiki yangu, jina nalihifadhi ingawa yeye langu hakulihifadhi, ameshatuma sauti kwenye magrupu yote kwamba jana pale Forodhani bwana harusi mmoja alinitupa baharini. Uongo. Hakuna aliyenigusa. Baharini nilitamani kujitosa mwenyewe.

Si mnajua nimeanza rangi za maji? Nimekaa zangu ukutani, uso kwenye machweo, nachora jahazi. Wakaja maharusi wa fungate kutoka Bara, wameshikana vidole. "Fundi, unaweza kututia na sisi hapo?" Mwenye akili angesema hapana. Mimi nikauliza, "Kifua kwenda juu, au mwili mzima?"

Na sura zilikubali. Wallahi zilikubali! Hudhurungi kidogo, wekundu kwa mbali, maji mengi, bibi harusi katoka maji ya kunde safi, na mtandio wake. Watu wakaanza kukusanyika na mishikaki yao mkononi. Kichwa kikavimba. Nikasema, ngoja sasa niwatilie mbingu.

Hapa twende polepole, maana ndipo yule mbea alipoparuka.

Nikalaza manjano, karatasi imelowa chepechepe. Haijakauka, nikachovya bluu. Kwenye boksi langu bluu ziko mbili: moja inaelekea zambarau, nyingine inaelekea kijani. Nikachovya hiyo ya pili, inaitwa thalo, na ina nguvu, ncha tu ya brashi inatosha kuharibu ukoo mzima. Kugusa manjano tu, machweo ya Unguja yakawa kijani kama shamba la mpunga. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, mbona jua limeoza?"

Msicheke kwanza.

Najua nyekundu huua kijani, nimesoma. Nikamwaga nyekundu. Kijani kikafa kweli, manjano ikafa, bluu ikafa, yakabaki matope. Nikaongeza maji kuyapunguza. Karatasi yangu ya bei chee, nyembamba, ikajikunja katikati ikafanya mfereji. Na mfereji huo, enyi waja wa Mola, ulielekea kwa bibi harusi.

Tone likashuka. Si la matope, la: lile la thalo la pembeni, ambalo halikuwahi kuonana na nyekundu. Likapita kwenye mtandio. Likapita shavuni, taratibu, watu kimya, hata muuza juisi ya miwa kasimamisha mashine. Likafika kidevuni. Likatua. Likatanuka kulia, likafikiri kidogo, likatanuka kushoto.

Ndevu. Ndevu kamili, za kuchanwa.

"Kaka," bibi harusi akasema, "ndiyo mimi huyo?"

Nikakamata tishu. Tishu ikaondoa mbingu. Ikaondoa jahazi. Ikamwondoa bwana harusi na mabega yake. Ndevu hazikutoka! Kila nikifuta, uso unazidi kufifia na ndevu zinazidi kukolea. Usiku ndiyo nikasoma kwamba thalo ndiyo bluu inayotiwa kwenye wino wa printa, ikishika karatasi haibanduki. Sasa aliyeniuzia boksi alishindwa nini kunong'ona hata neno moja?

Bwana harusi alicheka mpaka akakaa chini. Alichelewa sana kugundua kwamba anacheka peke yake.

Mengine si ya kusimulia. Nikawanunulia urojo na pizza, pesa yao sikuigusa, nikapita uchochoroni hadi nyumbani. Picha aliing'ang'ania bwana harusi. Asubuhi hii nimeiona kwenye profaili yake, nilipoangalia tena haipo, na wala sitauliza.

Na wewe uliyeniandikia inboksi unataka nimchore dada yako wa send-off: kazi naipokea. Ila nitumie picha aliyovaa barakoa.