Yule Fundi Viatu Jina Lake Nani?

Jumamosi nilimaliza picha ya binti mmoja wa shule ya viziwi ninayojitolea hapa Washington, nikairusha kwenye kundi la familia. Jibu la kwanza, la binamu yangu: "Hongera kaka, huyo bubu umempatia kweli." Na vikopa kibao.

Bubu? Huyo binti kwa maneno hapumui! Ndiyo shida ya kumchora. Nikiinamia karatasi nimemkatiza, anagonga meza nimtazame. Nyusi zinapanda akiuliza swali la ndiyo au hapana, zinakunjana akiuliza nani, wapi, kwa nini. Sarufi ya lugha ya alama hiyo, si mbwembwe. Mimi niliyezoea picha zetu za kama pasipoti, uso mkavu na mabega basi, imebidi nianze upya kujifunza kuchora mikono. Wiki ya tatu watoto wakanipa jina la alama: kidole kinasugua shavu, maana huwa najipaka mkaa usoni bila kujua. Jina hilo hujipi mwenyewe, viziwi ndio wanakupa.

Najua mtakachosema. "Miaka sita tu Marekani, keshatuona washamba." Tulieni. Shule ya viziwi Tabora ipo tangu 1963, Buguruni tangu 1974. Kenya Katiba ya 2010 imeifanya lugha yao ya alama kuwa lugha ya Bunge. Na Wamarekani nao wasitutambie: Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi hapa hapa mjini, kina hati tangu 1864, lakini rais wa kwanza kiziwi kimempata Machi 1988, tena baada ya wanafunzi kufunga mageti. Kwa hiyo sisemi huku peponi. Nasema mtaani kwetu mtu anaweza kuzeeka bila jina, na hakuna anayeshtuka. Chama chenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, sisi bado tumeng'ang'ania bubu.

"Wewe je, ulikuwa unawaitaje?" Hivyo hivyo. Mbagala tulikuwa na fundi viatu chini ya mwembe. Akimaliza kushona soli, uzi wa nailoni anaukata kwa meno. Ukimpa hela pungufu anatingisha kichwa, anacheka, anapokea. Viatu vyangu vya shule vyote vilipita mkononi mwake, nami nilimwita Bubu kama wenzangu, tena kwa kupaza sauti, kana kwamba angesikia.

Jumapili nikamchora kwa kumbukumbu, mikono yote miwili, uzi mdomoni. Nikataka kuandika jina chini. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Yule fundi viatu wa mwembeni, jina lake nani?"

"Marahaba. Bubu?"

"Jina lake, mama."

Kimya. Nikamsikia akimwuliza jirani, kisha akiita mwingine ng'ambo ya ukuta.

"Baba, ngoja nitakupigia."

Leo Alhamisi.