Kisogo cha Mwanangu na Dirisha la Chumbani

Mwanangu alikuwa na miezi miwili na nusu. Nimemwogesha kwenye karai, namkausha, mkono ukapita kisogoni ukakuta pamelala bapa kama sahani. Upande wa kulia tu. Nilipomtazama kwa juu, sikio la kulia nalo lilikuwa limesogea mbele kuliko la kushoto. Usiku ule sikupata usingizi.

Majengo, mtaani kwetu Mombasa, habari hazikai ndani ya nyumba. Alasiri ya pili mamangu alishafika na chupa ya mafuta ya nazi, ananilaumu kwamba siku za arubaini nilimkataza kumkanda mtoto kichwa kingali kibichi. Jirani akaleta kimto cha mbegu za haradali. Ndugu yangu aliye Dubai akanitumia picha ya mtoto wa Kizungu kavalishwa helmeti ya buluu ya kurekebisha umbo la kichwa.

Mkando nilikataa, mto nikakataa, na helmeti hata ningekuwa na pesa nisingeinunua. Mafuta niliyapokea nikampaka miguuni, mamangu asije akanuna.

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mifupa ambavyo havijashikana, ndiyo maana utosi waonekana ukidunda. Kichwa kikiegemea mahali pamoja saa nyingi, hubapa. Na watoto siku hizi hulala chali. Hapo sirudi nyuma. Marekani wazazi walianza kushauriwa kuacha kulaza watoto kifudifudi mwaka 1992, kampeni kubwa ikafuata 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Visogo bapa vikaongezeka. Bei hiyo mimi nailipa, maana ubapa wa kulalia haubani ubongo. Mto ndio hatari: Novemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya huko huko Marekani iliwaonya wazazi dhidi ya mito ya kurekebisha vichwa, kwa sababu mtoto anaweza kukosa pumzi.

Aliyenifumbua macho ni nesi, siku ya chanjo. Hata kichwa hakukigusa kwanza. "Mama, kitanda chake kimekaaje?" Nikamweleza: kimegusa ukuta, dirisha liko kulia kwake. Akacheka. Kumbe kutwa nzima mtoto anatazama mwanga na pazia linalocheza na upepo! Kisha akashika kidevu taratibu akakielekeza bega la kushoto. Kikagoma njiani. Msuli wa shingo ulikuwa umekaza. Akatuandikia twende kwa mtaalamu wa viungo, ndiye aliyenifundisha kuunyoosha. Wengi wetu twahangaika na kichwa, shida iko shingoni.

Nyumbani nikamgeuza kitandani, kichwa kikawa penye miguu, dirisha likahamia kushoto. Akiwa macho namlaza kifudifudi juu ya leso, kwenye mkeka, nami nimelala mbele yake uso kwa uso. Siku za mwanzo dakika moja tu pua ishazama kwenye leso, kilio. Twapumzika, twarudia. Mwezi wake wa nne akawa anainua kichwa kumtafuta paka wa jirani.

Turudi kwenye helmeti. Uholanzi walichukua watoto 84 wenye vichwa bapa, nusu wakavalishwa miezi sita, nusu wakaachwa wakue. Matokeo yalitoka 2014: walipofika miaka miwili, waliopona kabisa ni asilimia 26 kwa waliovaa na 23 kwa wasiovaa. Waliobapa kupita kiasi hawakuwemo, kwa hiyo mzazi wa mtoto kama huyo simsemei. Lakini wazazi wa waliovaa walilalamikia ngozi kuwasha, jasho na harufu. Hiyo ni Uholanzi. Jaribu kumvika mtoto kitu hicho saa 23 kwa siku, Mombasa, mwezi wa Februari, na stima imepotea!

Kuna jambo moja lisilosubiri. Ukihisi tuta gumu juu ya fuvu kama mshono, au utosi umefunga mapema mno, au umbo alizaliwa nalo na linazidi, mwone daktari upesi. Mifupa huenda imeungana kabla ya wakati, na hiyo mara nyingi ni kazi ya upasuaji.

Wangu sasa ana mwaka na nusu. Kinyozi alipomnyoa juzi nilichungulia kisogo. Pamebaki kidogo tu, ujue pa kutazama. Mamangu huwaambia wageni ni yale mafuta yake. Sijamwambia yaliishia miguuni.