Makubazi ya Milan na Hasira Zangu

Jamani, hivi hizi nyumba za mitindo za Ulaya hazina haya? Wanachukua kitu cha Wahindi, wanakibandika bei ya kutisha, na jina la mwenyewe hulisikii. Juni 2025 Prada waliwapandisha wanaume jukwaani Milan na makubazi ya Kolhapur, mji wa India, yale yale ya ngozi yenye kitanzi cha kidole gumba. Wakayaita viatu vya ngozi. Basi! Mafundi wa majimbo ya Maharashtra na Karnataka, ambao jina la viatu vyao linalindwa kisheria India tangu 2019, hawakutajwa hata kwa bahati mbaya. Mpaka watu walipopiga kelele mitandaoni ndipo kampuni ikakiri kwamba asili yake ni India.

Na dupatta nayo, ule mtandio mrefu wa Kihindi, mwaka huohuo ikageuzwa “skafu ya Skandinavia”. Skandinavia! Sasa ugonjwa umefika mpaka huku. Juzi niko dukani, nimeshika mtandio wa nakshi za uzi wa dhahabu, aina ile ile tunayojitanda harusini Mombasa miaka nenda miaka rudi, muuzaji ananiambia, “Dada, hii ni fasheni mpya, imetoka Ulaya.”

Damu ikanichemka. Nikasoma audhu billahi, wapi! Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ukikasirika umesimama, kaa, hasira zisipoondoka, lala. Nikavuta kigoda nikakaa. Kulala kwenye duka la watu, hapana. Yule kijana akadhani nimenogewa, akazidi kunishushia mitandio, na kila mmoja bei inapanda.