Kliniki za VVU Zikiunganishwa, Mwanamke Asubiri Wapi?

Tangu misaada ya Marekani ikatizwe ghafla mwanzoni mwa 2025, hospitali nyingi za umma nchini Kenya zimekuwa zikifunga vituo vya CCC, yaani kliniki zilizotengewa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na kuwahamishia wagonjwa wao katika kliniki za kawaida, wapange foleni moja na wenye malaria, kisukari na shinikizo la damu. Wizara ya Afya inaiita hatua hiyo kuunganisha huduma. Wanawake wengi niliozungumza nao Kisumu na Siaya wanaiona kama kuanikwa hadharani. Katika mijadala inayoendelea, wanaotetea kuunganisha huonekana watu wenye kuona mbele, na wanawake wanaolalamika huambiwa kwamba wamezoea vya bure au, vibaya zaidi, kwamba wao wenyewe ndio wanaoulea unyanyapaa kwa kutaka kufichwa. Naamini hawajasikilizwa vizuri.

Hoja za wizara zina uzito, na sioni haja ya kuzipunguza. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanza 2003 ulijenga mfumo wenye wauguzi wake, maabara yake na makarani wake, na mishahara mingi ikatoka nje ya nchi. Anayelipa akiondoka, mfumo wa namna hiyo hausimami. Halafu wagonjwa wenyewe wamezeeka, jambo ambalo ni la kushukuru. Mama aliyeanza dawa mwaka wa 2008 akiwa na miaka 28 sasa ana zaidi ya arobaini, presha imeanza kumsumbua, na hakuna sababu ya msingi ya kumfanya apande matatu mara mbili kwa mwezi, siku moja kwa ajili ya virusi na nyingine kwa ajili ya presha, ilhali mwili ni mmoja. Hoja ya tatu ni ya mlango: kila mtaa wenye hospitali unaujua mlango wa CCC, na anayeonekana akiingia pale ameshajulikana. Ukiufuta mlango, wanasema, umeufuta unyanyapaa.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo isiyolingana na maisha ya wanawake ninaowafahamu.

Mmoja wao huuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Kopo lake la dawa hulijaza pamba juu ya vidonge ili visilie ndani ya mkoba, na wifi yake anapokuja kulala, kopo hukaa ndani ya gunia la mkaa. Nilipomuuliza kuhusu mlango ule, alinijibu, “Dada, niliuogopa mwaka wa kwanza tu. Baadaye nilikuwa naingia kama ninayeingia kanisani, maana waliokuwa ndani wote walikuwa wenzangu.” Anachokiogopa sasa ni saa. Zamani alifika saa moja asubuhi, akachukua dawa zake, na saa tatu yuko sokoni akipanga mafungu. Hakuna aliyejua kwamba amepitia mahali. Sasa hupanga foleni ya kadi, kisha foleni ya daktari, kisha foleni ya dawa, na kutoka ni saa nane mchana. Jirani wa meza humuuliza alikuwa wapi. Mara ya kwanza mtu husema ni malaria, mara ya pili husema ni mtoto, na kufikia mara ya tatu watu wameanza kuhesabu siku. Mume naye huuliza mbona leo pesa ni kidogo. Saa saba za kungoja ni saa saba za kutolewa maelezo, na mwanamke anayepokea amri za watu watatu nyumbani ana watu watatu wa kuwaeleza.

Kwenye foleni hiyo yuko na nani? Yuko na mwalimu wa mtoto wake, na mke mwenza wa shemeji yake, na kijana wa bodaboda anayembeba kila Jumapili. Anapoitwa kwa faili ambayo namba yake haifanani na za wengine, au anapoulizwa kwa sauti kama “ile dawa” haijaisha, hakuna ukuta unaomlinda. Katika CCC kila aliyesikia alikuwa na siri ileile, na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Wapo wanaouliza mbona watu wafiche jambo lililoenea kiasi hiki. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.9 kwa watu wazima nchini, lakini Kisumu ilikuwa asilimia 17.5 na Homa Bay asilimia 19.6. Kisumu basi ni takriban mtu mzima mmoja kati ya sita. Ungedhani aibu ingekuwa imekwisha kwa wingi wa wenyewe. Takwimu ninayoirudia mimi, hata hivyo, ni nyingine kutoka utafiti huohuo: wanawake asilimia 6.6, wanaume asilimia 3.1. Upimaji ulifanyika nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hatuwezi kusema pengo limetokana na wanawake kupimwa zaidi kliniki. Pengo ni la kweli, na sababu zake zinajulikana: maumbile ya mwili, wasichana kuolewa na wanaume waliowazidi sana umri, na huku ziwani biashara ya jaboya, ambapo mvuvi hamuuzii mwanamke samaki mpaka amkubalie na mwili. Karibu kila sababu kati ya hizo inaelekeza lawama mbali na mwanamke.

Nyumbani mambo husomwa kinyume. Mke hupimwa anapokwenda kliniki ya ujauzito, mume hajapimwa popote, kwa hiyo mke ndiye wa kwanza kujua, na wa kwanza kujua huhesabiwa kuwa ndiye aliyeleta. Wingi wa wagonjwa katika kaunti haumsaidii mbele ya mama mkwe. Na mume akifa, lawama hiyo huhamia kwenye shamba: aliyemuua mtoto wetu atalimaje ardhi yetu? Katiba ya 2010 imemlinda, Sheria ya Urithi imempa mjane haki ya kukaa katika mali ya mumewe maisha yake yote, lakini kuifuata haki hiyo mahakamani kunahitaji nauli, wakili na moyo wa kushindana na watu atakaozikwa nao. Ndiyo maana siri kwake ni ulinzi wa nyumba, na anayemwambia aache kuona aibu amekosea kuita aibu kitu ambacho ni hesabu.

Kuhusu sheria, ni kweli pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila ridhaa yake, na ikaunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko kama hayo. Baraza linamwita aliyetoboa siri. Foleni haiwezi kuitwa.

Kilichopotea zaidi, kwa maoni yangu, ni watu. Katika CCC walikuwako akina mama washauri, wanawake waliozaa wakiwa na virusi na kupata watoto wasio na virusi, ambao walimpokea mjamzito siku ileile ya majibu. Mama mshauri alimwonyesha jinsi ya kumpa mtoto dawa ya maji bila wifi kuuliza ni ya nini, alimkumbusha kipimo cha wiki sita, akaendelea naye mpaka kile cha miezi 18. Alimweleza kwamba akimeza dawa vizuri na virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mumewe kwa kujamiiana. Habari hiyo, ikitoka kwa daktari mwenye watu hamsini mlangoni, husikika kama tangazo. Ikitoka kwa mwanamke aliyembeba mtoto wake mgongoni, huaminika. Wengi wao walilipwa kupitia miradi ya misaada, na wengi walipoteza kazi mwaka 2025.

Wizara inasema pengo lao litazibwa na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa 2023, ambao posho yao hugawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Ni watu wa maana sana kwa malaria na chanjo. Lakini mhamasishaji huteuliwa kutoka kijiji anachokihudumia, na mara nyingi ndiye binamu ya mume au mweka hazina wa chama. Kumpa yeye orodha ya wanawake walioacha dawa ni kuipeleka siri kwa watu walewale waliokuwa wakifichwa.

Kwa hiyo sipingi kuunganisha. Presha na virusi vitibiwe na daktari mmoja, jengo liwe moja. Ila aliyetulia kwenye dawa apewe za miezi sita kila panapokuwa na akiba, apewe dirisha la asubuhi na mapema la kuchukua na kuondoka, na kama posho ilivyopatikana kwa wahamasishaji, ipatikane vivyo hivyo kwa akina mama washauri. Mama wa Kibuye ameshaanza kuuliza kuhusu hospitali ya Ahero, mbali na soko lake, ambako hakuna anayemjua. Nauli ya kwenda na kurudi ataitoa katika pesa za omena.